Barua kwa Mwanangu: Ufunguo Uliokatikia Ndani ya Swichi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kukaa kuijibu. Umeniuliza jambo moja: ufunguo wa gari umekatikia ndani ya swichi ya kuwashia, kichwa kimebaki mkononi mwako na shina limebaki tundani, na unataka kujua namna ya kulitoa bila kuiharibu swichi. Kisha pale mwisho, baada ya salamu, umeongeza kwamba aliyeuzungusha ni mdogo wako, kwamba mikono yake ni mizito tangu utotoni, na kwamba tangu siku hiyo hamsemezani. La kutoa kipande nitalijibu, maana limewahi kunifika. Ila hili la mdogo wako ndilo lililonikosesha usingizi, na ndilo nitakaloanza nalo, uniwie radhi.

Kabla ya hayo, nakuomba mambo mawili ya haraka. Usikirudishe kile kichwa tundani ukidhani kitashikana na kipande kilichobaki ili ukizungushe. Najua kinavyoshawishi, kwa kuwa pande mbili zilizovunjika huingiana sawasawa, lakini kila ukigusa unakisukuma ndani zaidi, na kipande ambacho leo kimetokeza kidogo kesho hakitafikiwa na koleo lolote. Gundi nayo usiifikirie kabisa, kwa sababu nitakayokueleza.

Sasa kichukue hicho kichwa, kipeleke dirishani penye mwanga, ukiangalie pale kilipokatikia. Ukiona uso wote wa mvunjiko unang'aa rangi moja, umevunjika kwa nguvu ya mara moja. Ukiona sehemu yake imefifia na kuwa nyeusi-nyeusi, halafu sehemu iliyobaki ndiyo inayong'aa, basi ile iliyofifia ni ufa wa zamani, ulioingiwa na hewa na uchafu siku nyingi kabla mdogo wako hajaketi kwenye kile kiti. Ufunguo hauvunjiki kwa siku moja. Umenisikia nikilisema neno hili tangu ukiwa mdogo, na nadhani hukuwahi kujua limetoka wapi.

Unaikumbuka safari ya kwenda kumwona dada yake bibi yako alipokuwa mgonjwa. Wewe ulikuwa na umri wa kuikumbuka, mdogo wako nilikuwa nimempakata. Bibi yako aliamka kabla ya alfajiri, akavaa, akaketi kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, kimya, akimsubiri mwanawe awashe gari. Magurudumu yalikuwa yameachwa yamekunjwa upande mmoja, kwa hiyo kufuli ya usukani ilikuwa imebana. Baba yako akatia ufunguo, akazungusha, ukakataa. Akazungusha tena kwa nguvu kidogo zaidi, na pakasikika mlio mdogo mkavu, kama kijiti kinavyokatika. Akabaki na kichwa kati ya vidole viwili, anakitazama kama kitu asichokijua.

Yaliyofuata yalifanywa kwa haraka, na haraka ndiyo iliyotuponza. Alikirudisha kichwa tundani, na kipande kikazama. Akaingiza ncha ya kisu, kikazama zaidi. Mwisho akachukua gundi kali, akaipaka kwenye ncha ya kijiti, akakigandamiza juu ya kile kipande akitumaini vitashikana avute vyote pamoja. Gundi ikatiririka pembeni. Ndani ya silinda ya swichi mna vibati vidogo vyembamba vilivyopangwa safu, kila kimoja kikisukumwa na springi yake, na meno ya ufunguo ndiyo huvipanga usawa mmoja ili silinda izunguke. Gundi ilipovifikia viliganda, na fundi aliyekuja baada ya adhuhuri hakuwa na la kufanya ila kuing'oa swichi nzima na kwenda kutafuta nyingine. Tuliondoka siku ya pili yake. Tulipofika, dada yake bibi yako alikuwa hawezi tena kusema. Alimshika mkono tu, wakatazamana. Bibi yako aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mara kwa mara alikuwa akisema kwamba laiti mwanawe angekuwa na subira ya mkono, angezipata zile saa chache za mwisho za kuzungumza na dada yake. Baba yako hakuwahi kumjibu.

Hili lifuatalo sijapata kumwambia mtu. Wiki chache kabla ya safari ile nilikuwa napaka rangi mlango wa jikoni, na kopo likakataa kufunguka. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwangu. Nikautia chini ya ukingo wa kifuniko, nikainua, kifuniko kikatoka na ufunguo ukapinda. Nikauweka kwenye kizingiti, nikaugonga kwa nyundo polepole mpaka ukanyooka, nikaujaribu kwenye swichi, ukaingia na gari likawaka, nami nikalifuta jambo hilo moyoni. Jioni ya ile siku ya mkasa, nilipokuwa nasafisha gari, nikakiokota kile kichwa chini ya kiti. Nilikiangalia kwenye taa. Upande mmoja wa mvunjiko palikuwa na alama nyeusi yenye umbo la mwezi mwandamo, na sehemu iliyobaki ilikuwa inang'aa kama jino. Palikuwa pale pale nilipoukunja, kwenye pengo la jino lililochongwa kwa kina kuliko yote.

Shina la ufunguo kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki au nikeli, madini laini, na kila jino linapochongwa hapo panakuwa pembamba na dhaifu. Ukiupinda mara moja na kuunyoosha, unaweza kuacha ufa mwembamba kuliko unywele. Kuanzia hapo kila unapouzungusha ufa unasogea kidogo, bila sauti wala dalili, mpaka nyama iliyobaki inapokuwa haitoshi. Mtu anayeuzungusha mara ya mwisho ndiye anayeonekana.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba mimi ndimi niliyeuvunja ule ufunguo, na baba yako alibebeshwa mzigo wangu. Halafu najijibu kwamba angeulegeza usukani kwanza, akautikisa kulia na kushoto huku akizungusha taratibu, pengine ungetuchukua kwenda na kurudi, ukakatika siku nyingine isiyo na uzito. Halafu najijibu tena kwamba alizoea kuzungusha vile vile kila siku na haukuwahi kukatika, mpaka mimi nilipoutumia kama tindo. Hapo nazunguka mpaka kunakucha, na sijaweza kujihukumu wala kumhukumu.

Kwa hiyo, kabla hujaendelea kumnyima mdogo wako salamu, jiulize ule ufunguo umepita mikono mingapi, na kama wewe mwenyewe hujapata kufungulia kitu kingine kwa huo. Jiulize pia kuhusu lile shada zito la funguo, na kufuli, na mapambo, unalolining'iniza chini ya swichi. Uzito ule huvuta silinda kila gari linaporuka shimo, vibati vinachakaa, swichi inakuwa ngumu, na mkono unaongeza nguvu bila kujua. Haya si mawazo ya mama tu. Mwaka 2014, kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yake madogo yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa, kwa sababu swichi zake zilikuwa dhaifu na zingeweza kujizungusha zenyewe na kuzima injini njiani, na madereva waliambiwa waendeshe na ufunguo mtupu, bila kitu kingine chochote kwenye pete yake.

Ulimi unaniwasha kutamka kwamba mdogo wako hana hatia. Sitatamka, kwa kuwa sijauona huo mvunjiko, na kwa kuwa hata alama nyeusi itakwambia tu kwamba ufa ni wa zamani. Haitakwambia ni nani aliyeupinda. Lakini nakwambia wazi kwamba nikilazimishwa, najua nitaegemea upande gani.

Sasa kipande chenyewe. Anza kwa kuangalia swichi imesimama wapi. Ufunguo huingia na kutoka pale tu ulipo kwenye nafasi ya kuzima kabisa. Swichi ikiwa imezunguka hata kidogo, silinda inakishikilia kipande na utavuta bure. Ikiwa imezunguka, na gari ni la gia za kujiendesha, hakikisha gia iko kwenye P, yaani ya kuegesha, kisha tumia bisibisi bapa nyembamba kuirudisha silinda nyuma taratibu, bila kusukuma kwenda ndani. Mulika kwa tochi. Kipande kikiwa kimetokeza hata kwa unene wa ukucha, tafuta koleo la mdomo mwembamba, likishike vizuri na uvute moja kwa moja, usikinyonge.

Kikiwa kimezama, tafuta bledi nyembamba kabisa ya msumeno wa kukatia nakshi za mbao, au kile chombo cha mafundi wa funguo ambacho ni waya bapa wenye kulabu ndogo nchani. Kwanza puliza tundani unga kidogo wa grafaiti, ule ule mweusi ulio ndani ya penseli. Mafuta mazito yanakusanya vumbi na kulifanya tope. Ingiza bledi upande wenye meno ya ufunguo, meno ya bledi yakielekea kwako, iteleze mpaka uhisi imepita jino la kwanza, izungushe kidogo ili inase, kisha vuta. Itachopoka mara kadhaa kabla ya kunasa. Sumaku nayo usihangaike nayo, kwani haivuti shaba.

Ukijaribu mara tano au sita na kisisogee, acha, mwite fundi wa funguo. Hapo sina mashaka hata kidogo. Na mtu yeyote asikushawishi kutoboa silinda kwa keekee, wala kufungua vifuniko vya usukani kabla ya kuchomoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa, kwa kuwa mfuko wa hewa wa kujikinga na ajali umekaa hapo hapo, na ukifyatuka usoni unaumiza.

Vipande vyote viwili vitunze. Fundi akiviunganisha mezani anaweza kuyasoma meno yote na kuchonga shina jipya, na kile kichwa usikitupe hata kama kimepasuka, kwani kama gari lako ni la aina inayotambua ufunguo wake, chipu yake imo humo, na pasipo hiyo injini haitawaka hata shina likiwa jipya. Kama namba ya ufunguo ipo kwenye makaratasi ya gari au kwenye kile kibati kidogo kilichokuja na funguo, mwombe achonge kwa namba hiyo. Akinakili ule uliochakaa, atanakili na uchakavu wake, nawe utabaki unaulazimisha. Ufunguo hauvunjiki kwa siku moja, na huo mpya utaanza safari yake kwenye mashine ya fundi.

Kile kichwa cha zamani bado ninacho, kwenye droo ya cherehani, kimefungwa kitambaani. Mwezi mwandamo wake bado unaonekana. Barua hii sitaifunga leo. Baba yako yuko nje, na akiingia nitampa aisome kwanza, pamoja na hicho kichwa. Akimaliza ndipo nitakutumia, na kama atakuwa na neno la kuongeza ataliandika hapa chini kwa mkono wake.

Mama yako