Kava, kasha na vijiti: maswali yenu kuhusu kuilinda konsoli ya mkononi

Zamani kidogo swali la jinsi ya kuilinda konsoli, yaani mashine ya gemu unayoishika mkononi, lisingekuwepo. Game Boy Advance SP ya mwaka 2003 na Nintendo DS ya 2004 zilikunjwa kama kitabu: unafunga, kioo kinajificha ndani, unatia mfukoni unaenda zako. Konsoli za leo zimeachwa wazi kama sahani, na juu yake vimechomoza vijiti viwili vya kuongozea gemu kwa dole gumba, vinavyongoja kukwama kwenye kila kitu. Ndiyo maana barua zenu za siku hizi ni kava, kasha, kava, kasha. Zilizofanana nimeziunganisha.

Nimenunua Switch OLED, konsoli ya Nintendo. Muuzaji ananiambia nichukue kava, rafiki yangu ananiambia kasha. Nimsikilize nani? (Mgeni wa gemu)

Wanazungumzia vitu viwili, mgeni wetu. Kava ni vazi: linakaa mwilini mwa konsoli hata unapocheza, linakupa mshiko na kuzuia michubuko mgongoni. Kasha ni nyumba: unailaza konsoli ndani, unafunga zipu, unaitia begini. Kava halikisaidii kitu kioo kilichokaa begi moja na funguo. Kama hela inatosha kimoja tu, chukua kasha. Kava lisubiri. Cheza mwezi mzima kwanza uone kama konsoli inakuteleza au vidole vinachoka. Huenda ukagundua hulihitaji kabisa.

Ila usiuziwe mfuko laini wa kitambaa ukaambiwa ni kasha. Mfuko unazuia vumbi na mikwaruzo, basi. Siku mtu akilikalia begi, uzito wake wote unashukia kwenye vijiti. Kasha la kweli lina gamba gumu, na mengi hutengenezwa kwa EVA, nyenzo ile ile ya soli za raba, iliyokandamizwa ikakakamaa. Lipime papo hapo: lifunge likiwa tupu, bonyeza katikati ya kifuniko kwa dole gumba. Likibonyea kama mto, lirudishe.

Nina kasha zuri la Switch ya kwanza. Nikihamia Switch 2 nitaendelea nalo? (Nisiyependa kutupa vitu)

Hapana, na usilazimishe. Unene haukubadilika, ni milimita 13.9 kama mwanzo, lakini urefu pamoja na Joy-Con, vile vidhibiti viwili vya pembeni vinavyochomoka, umetoka milimita 239 hadi 272, na kimo kutoka 102 hadi 116. Zipu inaweza kufunga ukiivuta kwa nguvu, huku kona za konsoli zikisukuma gamba na gamba likizisukuma nazo. Anayetoka Switch ya kwanza kwenda OLED ana bahati: tofauti ni milimita 3 tu za urefu, na makasha mengi yanazimeza.

Kubwa mno nalo ni kosa. Switch Lite ina urefu wa milimita 208. Ukiilaza kwenye kasha la dada yake inatembea humo ndani kama punje kwenye kayamba. Ndiyo maana nasema mkienda kununua nendeni na konsoli yenyewe. Iwekeni ndani, fungeni, likaribisheni kasha sikioni na kulitikisa taratibu. Mkisikia "tok", kitanda chake si chake.

Kijiti cha kushoto kimeanza kujisukuma chenyewe, mhusika anatembea wakati sijagusa kitu. Fundi ananiambia kasha ndilo lililokiua. Inawezekana? (Mpiga mbio asiyesimama)

Pole. Fundi kagusa jambo la kweli ila amelikuza. Ndani ya kijiti cha Joy-Con kuna kiguso kidogo kinachosugua njia ya kaboni kila unapokisogeza. Kaboni ikichakaa, au vumbi likiingia hapo katikati, konsoli inasoma mwendo usiokuwepo. Hilo hutokana zaidi na saa za kucheza. Kasha baya haliwezi kubeba lawama yote.

Lakini linachangia, na hapa ndipo watu wengi hukosea wanaponunua. Macho yote yako kwenye kioo: kifuniko kina sponji, kina kitambaa laini, safi! Hakuna anayeuliza vijiti vitakaa wapi. Switch ikilazwa ni bapa ya milimita 13.9, lakini ukipima kutoka ncha za vijiti hadi vitufe vya ZL na ZR vinavyojitokeza nyuma unapata milimita 28.4. Yaani zaidi ya mara mbili! Kasha lililochongwa kwa kufuata bapa linavikalia vijiti muda wote lililofungwa. Vinakaa vimebonyezwa chini, au vibaya zaidi, vimelazwa upande mmoja, springi ya ndani ikiwa imevutwa usiku kucha, na asubuhi vumbi la begi likaingia pale palipoachama.

Kuna jaribio ninalolipenda. Chukua udongo laini wa kuchezea watoto, finyanga vidonge viwili vya ukubwa wa njegere, kila kimoja kifunge kwenye kipande cha nailoni ili kisigande. Viweke juu ya vijiti, konsoli ikiwa imezimwa. Funga kasha taratibu, kisha fungua. Vidonge vikitoka vya mviringo kama vilivyoingia, kasha lina nafasi. Vikitoka bapa kama sarafu, umeona kwa macho yako kinachovipata vijiti kila siku. Kikitoka bapa upande mmoja tu, chunguza kifuniko: mara nyingi ni mfuko wa wavu uliojazwa waya wa chaji upande ule.

Kasha la kununua ni lile lenye mabonde mawili yaliyochongwa kwa ajili ya vijiti, au lenye daraja gumu katikati linalokibeba kifuniko kisishuke. Kwa kijiti chako cha sasa, kwanza fanya urekebishaji wa vijiti kwenye mipangilio ya konsoli. Kikikaidi, kinahitaji kubadilishwa.

Kava langu la plastiki linasemwa kuwa "linaingia kwenye doki". Linaingia kweli, ila kwa kusukuma. Niendelee? (Baba mwenye televisheni kubwa)

Baba, kusukuma si kuingia. Doki ya Switch, kile kitako cha kuiunganisha na televisheni, ilichongwa kwa konsoli iliyo uchi. Ukiongeza hata unene kidogo, kioo kinasuguana na ukuta wa doki kila unapoichomeka na kuichomoa. Pia plagi ya chini inaweza isifike mwisho, picha ikawa inakatika na wewe ukailaumu waya.

Halafu kuna joto. Switch inavuta hewa kwa matundu ya mgongoni na kuitoa kwa juu, na ikiwa dokini ndipo inapofanya kazi ngumu zaidi. Angalia kava lako lisifunike matundu ya upande wowote. Ushauri wangu: likiwa la vipande vitatu, kimoja cha mwili na viwili vya Joy-Con, vua kile cha mwili kabla ya kuchomeka. Likiwa la kipande kimoja, litakuchosha. Hata kutoa Joy-Con itabidi uivue konsoli nguo nzima.

Steam Deck yangu, ile konsoli ya Valve, ilikuja na kasha lake. Nione haya kulitumia au ninunue la maana? (Mwenye mzigo mzito)

Uone haya kwa nini? Ni kasha gumu, limetengenezwa kwa kipimo cha chombo chenyewe, na vijiti vina nafasi yake. Lina kasoro moja, ni kubwa kama la ngoma, lakini hilo ni kosa la Deck yenyewe: milimita 298 kwa 117 kwa 49. Nunua jingine ikiwa tu unataka pa kuweka chaja.

Usichodharau ni uzito. Deck ya kwanza ina gramu 669 hivi, ile ya OLED 640, wakati Switch ya kwanza na Joy-Con zake ni kama gramu 398. Vikianguka kutoka meza moja, Deck inapiga sakafu kwa nishati ya karibu mara 1.7. Kwa chombo kama hicho, mkanda wa kushikia kasha ukague ushonaji wake kabla ya rangi yake.

Na ihakikishe imelala kabla ya kuifunga. Mimi niliwahi kuifunga konsoli yangu haraka haraka nikiwa njiani, kitufe cha kuwashia kikabanwa na ukingo wa kasha. Saa nzima baadaye nafungua zipu napigwa usoni na hewa ya moto kama ya pasi, feni inalia, gemu bado iko kwenye menyu inacheza muziki wake. Haikufa, lakini tangu siku ile nahesabu sekunde kumi nikisikiliza feni ndipo nifunge.

Mwanangu ana miaka 6 na Switch Lite. Inaanguka kila siku. (Mama aliyechoka)

Mama, wewe ndiye mtu pekee leo ninayemwambia anunue kava kwanza. Lite ni nyepesi, gramu 275 hivi, vidhibiti vyake havichomoki, kwa hiyo inalikubali kava la kipande kimoja lisilovuliwa. Chagua la silikoni nene au sponji, lenye kingo zilizoinuka kuupita uso wa kioo. Konsoli ikianguka kifudifudi, kingo ndizo zitakazogusa sakafu. Plastiki ngumu inayong'aa iache, hiyo inapasuka kwenye kona.

Kadi za gemu ziweke mbali naye. Nintendo hupaka kadi za Switch denatonium benzoate, kemikali chungu ajabu, ili mtoto aziteme akizitia mdomoni. Nimeionja moja kwa utundu wangu, na uchungu ule haukuondoka kwa maji. Lakini uchungu hauzuii kadi kupotea. Kasha lenye vipango vya kadi kwenye kifuniko liwe na pazia la kitambaa kati ya kadi na kioo, la sivyo kadi iliyochomoka itakipiga mswaki kioo safari nzima.

Nikishabandika protekta ya 9H juu ya kioo, kasha la nini? (Bwana Kioo)

Hiyo 9H, bwana, ni kipimo cha penseli: inakuambia kioo hakichorwi na penseli ngumu ya daraja hilo. Mchanga haujui habari za penseli. Chembe zake nyingi ni kwatzi, na kwatzi inakwaruza kioo. Protekta inapokea mkwaruzo badala ya kioo, haizuii kubanwa wala haivilindi vijiti.

Na wenye Switch OLED na Switch 2, ile nailoni nyembamba iliyokuja juu ya kioo msiibandue mkidhani ni ya kufungashia tu. Imewekwa kushika vipande kioo kikivunjika. Protekta hubandikwa juu yake.

Kasha langu limeandikwa halipitishi maji. Nilitumbukize? (Mvuvi)

Usijaribu! Gamba linaweza kuzuia manyunyu, zipu ya kawaida haizuii. Na kama konsoli yenyewe imelowa, usiifungie ndani ya kasha. Utakuwa umeufungia unyevu pamoja nayo.

Nasafiri miezi minane bila konsoli. Niiache kashani tu? (Msafiri)

Ndani ya kasha ni sawa, mahali pakavu pasipo na jua, vijiti vikiwa huru. Tatizo lako ni betri. Usiiache tupu, wala usiiache imejaa pomoni. Nusu hivi inafaa. Nintendo hushauri konsoli isiyotumika ichajiwe angalau mara moja kila miezi sita, kwa hiyo miezi minane imepita mpaka. Mwachie mtu waya na tarehe.

Rangi gani? (Mpenda urembo)

Nje yoyote uipendayo. Ndani, tafuta bitana ya rangi nyepesi. Kadi ya Switch ni nyeusi, ndogo, na ikidondoka kwenye bitana nyeusi utaitafuta kwa kupapasa. Wa Switch 2 mna nafuu, kadi zenu ni nyekundu.