Swali la lugha: "Tatu kwa moja" si theluthi

SWALI: Natafsiri maelezo ya poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, kwa ajili ya vijana wenzangu wanaoicheza kwenye simu. Nimekwama kwenye sentensi hii: "Odi za chungu zikiwa tatu kwa moja, unahitaji nafasi ya theluthi ya kushinda ili ufuate dau." Mwenzangu kanicheka kwa hilo "chungu". Anataka niandike "uwiano wa mezani". Nani kapatia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mwenzako kapatia, ila kacheka kosa dogo na kuliacha kubwa lipite.

Tuanze na hilo dogo. Umetafsiri neno kwa neno "pot odds" ya Kiingereza, na "pot" hiyo ni fedha zilizowekwa mezani; chungu cha kupikia hakiingii hapa. Kweli, tunayo chungu nyingine yenye maana ya lundo, ile ya "watu chungu nzima", na mtu mbishi angeweza kukutetea kwayo. Lakini wanaocheza karata za pesa husema "hela ya mezani" au "kilichopo mezani", na anayewasikia haulizi maana. Andika "fedha za mezani", yatosha.

"Odi" ndilo la kuogopa zaidi, kwa sababu limeshapata wenyewe. Kwa mtu wa mkeka, yaani anayebeti mechi, odi ni namba ya kuzidishia dau. Akiona 4.00 na kuweka shilingi 1,000, anajua timu ikishinda atapokea 4,000, na ndani yake imo ile 1,000 aliyoitoa mfukoni. Faida ni 3,000. Poka haihesabu hivyo: inapima fedha zilizo mezani dhidi ya kile unachotakiwa kuongeza, na chako hakimo katika upande wa kwanza. Kwa hiyo tatu kwa moja ya poka ni 4.00 ya mkeka. Ukimwambia kijana aliyezoea kubeti kwamba "odi ni tatu", atasoma 3.00, ambayo ni mbili kwa moja, na hapo ndipo theluthi inapoingia mlangoni. Sitashangaa kama yako ilipita humo humo.

Sasa hiyo theluthi. Timu ikishinda tatu kwa moja, mabao yaliyofungwa siku hiyo ni manne, na la aliyefungwa ni moja kati ya manne. "Kwa" huweka pande mbili zitazamane. "Kati ya" na "ya" hutazama sehemu ndani ya jumla. Tatu kwa moja ni robo, au asilimia 25. Theluthi inatokana na mbili kwa moja. Wengi huchanganya "moja kwa tatu" na "moja ya tatu" kana kwamba kihusishi ni pambo tu. Kwenye shairi pengine husamehewa. Kwenye hesabu ya pesa, kihusishi ndicho hesabu yenyewe.

Chukua mkono mmoja wa poka ya Texas, ambayo kila mchezaji ana karata mbili zake na tano za wote hufunuliwa mezani. Una kopa mbili mkononi (karata za alama ya moyo; jina tulilopewa na Wareno, pamoja na lile la karata). Mezani zimefunuliwa nne, mbili kati yake ni kopa, na imebaki moja. Ikija kopa, unakamilisha tano za aina moja, na tuseme hizo zitakushindia. Umeona karata 6 kati ya 52, zimebaki 46. Kopa ziko 13 kwa jumla, nne unaziona, kwa hiyo tisa ziko kusikojulikana. Uwezekano wako ni 9 kati ya 46, karibu asilimia 20. Ukiusema kwa uwiano, ni 37 dhidi yako kwa 9 zako, yaani nne na kidogo kwa moja.

Mezani palikuwa na 1,000, mpinzani kaongeza 500. Ukitaka kufuata dau, utoe 500. Uwiano ni 1,500 kwa 500, hiyo tatu kwa moja yako. Lakini ukitaka asilimia, lazima uongeze na 500 zako kwenye jumla: 500 kati ya 2,000. Unahitaji 25, unazo 20 hivi. Kwa hesabu hii pekee, tupa karata. Angeongeza 200 tu, ungekuwa na 1,200 kwa 200, yaani sita kwa moja, na ungehitaji 200 kati ya 1,400, kiasi cha asilimia 14. Hapo fuata. Mchezaji mzoefu atakuuliza vipi kuhusu pesa atakazotoa mpinzani baada ya kopa kufunuliwa. Ni swali halali, lakini hizo bado haziko mezani, na jina la "fedha za mezani" linakusaidia kuzitenga.

"Uwiano" basi ni neno sahihi, na watoto wa shule za msingi Tanzania wanalisoma katika hisabati. "Uwezekano" liachie kopa yako kufunuliwa. "Nafasi" silikatai katika mazungumzo, ila katika maelezo kama yako litamfanya msomaji afikirie kiti mezani. Ningeiandika hivi:

"Uwiano wa fedha za mezani kwa dau unalopaswa kufuata ukiwa tatu kwa moja, usifuate ila uwezekano wako wa kushinda ufike robo, yaani asilimia 25."

Ukiona ni ndefu, taja jina lote mara ya kwanza, kisha sema "uwiano wa mezani" kama alivyotaka mwenzako. Na wingi wa dau, kwa kuwa najua utauhitaji ukurasa unaofuata, ni madau: dau limepanda, madau yamepanda.