Shingo, kidole gumba na simu: maswali ya wanafunzi wa vyuo

Nasoma Tunguu, noti zote ziko kwenye simu. Nikisoma kitandani kwa muda wa saa mbili, shingo inakaza na kichwa kinauma kwa nyuma. Kweli simu inaweka kilo 27 shingoni?

Hiyo 27 ni hesabu ya kompyuta iliyotoka mwaka 2014, kichwa kikiwa kimeinama nyuzi 60. Kichwa chenyewe kina kama kilo 5. Isikutie khofu, shingo imeumbwa iiname. Inachokataa ni kuinama saa nzima bila kusogea, maana misuli ya nyuma ya shingo inabaki imekishikilia kichwa muda wote huo bila kupumzika.

Kusoma PDF ndiko kunakoiumiza shingo zaidi, kuliko hata kuchati. Ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye kioo cha inchi 6, herufi zinakuwa kama sisimizi, nawe unazifuata kwa uso. Ilaze simu kwa upana, ukuze maandishi, uiegemeze kwenye rundo la vitabu juu ya meza, viwiko navyo vikae mezani. Kurasa unazozirudia kila siku zitolee kopi. Kila dakika 20 inuka, hata kama ni kwenda kunywa maji tu.

Zoezi: kaa barazani, mgongo ukutani, macho mbele. Rudisha kidevu nyuma moja kwa moja mpaka kitokee kidevu cha pili. Wengi hukosea hapa, hunyanyua uso juu. Shikilia sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Mvuto mdogo ni sawa. Maumivu yakishuka mkononi, acha.

Kifundo cha mkono kinaniuma upande wa gumba. Nikikamua nguo, machozi yananitoka.

Kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha kifundo taratibu upande wa kidole kidogo. Ukisikia maumivu makali juu ya kifundo, upande wa gumba, huenda kano zimevimba. Kano mbili za gumba hupita pamoja ndani ya ala moja nyembamba, na kuandika kwa gumba siku nzima huzifanya zisuguane humo. Usilirudie jaribio hilo kila siku kutazama kama umepona, unalitonesha.

Weka simu mezani uandike kwa kidole cha shahada, au tuma sauti. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku. Bandeji ya kawaida ya kifundo haisaidii sana, kwa sababu inaliacha gumba huru. Omba kifaa kinacholishika na gumba lenyewe. Zikipita wiki sita bila nafuu, muone daktari, kuna sindano ya kupunguza uvimbe.

Usiku kidole kidogo na jirani yake vinakufa ganzi.

Unalala ubavu, kiwiko kimekunjwa, simu usoni? Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unaposikia umeme. Kiwiko kikikunjwa muda mrefu, mshipa unavutika na kubanwa. Usiku zungushia taulo kiwikoni, ulifunge kwa kanga bila kukaza, ili mkono usikunjike. Ganzi ikiwa kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, mshipa ni mwengine, na unabanwa kwenye kifundo.

Vitu vikianza kukuponyoka, nyama kati ya gumba na shahada ikibonyea, au miguu ikilegea, nenda hospitali usingoje. Ukishindwa kuzuia mkojo, nenda siku hiyo hiyo.

Mkanda wa kunyoosha mgongo ninunue?

Hapana. Ukiuvua, unarudi kama ulivyokuwa.

Niko Chake Chake. Mama anasema nichue shingo kwa mafuta ya makonyo, yaani ya vikonyo vya karafuu. Yanatibu?

Yanapasha joto na kuliwaza, wala mama hajakosea. Ila yana nguvu, yakipakwa matupu yanaunguza ngozi. Tone moja katika vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi linatosha. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, usubiri hadi kesho yake. Usiyapake penye kidonda, usiyafunike kwa kitambaa cha moto, na unawe kabla ya kugusa macho.