Bosi wangu ana picha ya mwanamke aliyetoa ulimi

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafanya kazi za ndani Shangani, Mtwara, kwa Mhindi wa Kolkata aliyekuja kununua korosho. Kila alfajiri akishaoga hujifungia mbele ya picha ya mwanamke mweusi aliyetoa ulimi, amevaa shada la vichwa vya watu, kamkanyaga mwanamume. Mkono wa kulia ameutia kwenye kifuko cha kitambaa, midomo inacheza, sauti haitoki. Mimi ndiye ninayemchumia maua mekundu ya uani. Majirani wanasema ni uchawi, nitatolewa kafara. Kijana wa bodaboda naye anasema neno analolisema bosi kalipata kwenye simu, atanifundisha kwa elfu kumi nitajirike. Nifanyeje?
Mwenye Hofu, Mtwara

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Tuanze na huyo aliyelala chini, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Ni mumewe. Mwanamke ni Kali, mwanamume ni Shiva, na wafuasi wa tantra, njia mojawapo ya ibada ya Kihindu, wanasema Shiva bila nguvu za huyo mama, wanazoziita shakti, ni maiti tu, hawezi hata kujitikisa. Vichwa vya shingoni navyo walimu wao huvifasiri kuwa herufi za Kisanskriti (lugha ya kale ya ibada zao), sauti ambazo kwao ndizo zilizozaa ulimwengu.

Hapo ndipo picha inapokutana na kifuko. Ndani mna mala, kama tasbihi ya Babu yako, ila punje zake ni 108, na moja ya ziada ambayo hairukwi. Akiifikia, anageuza na kurudi alikotoka. Kidole cha shahada hakigusi punje, ndiyo maana vifuko vingi vina tundu la kukitolea nje. Kesho mchungulie utaona. Kila punje ni mantra moja, yaani neno takatifu la kurudiarudia. Wanaitamka kwa sauti, kwa mnong'ono, au moyoni bila ulimi kusogea, na hiyo ya moyoni ndiyo wanayoiheshimu kuliko zote. Bosi wako, kwa maelezo yako, yupo kwenye mnong'ono.

Majirani zako wamekosea kudhani anamtuma jini kazi. Kwa watu hawa mantra haimwiti mungu kutoka mbali. Ndiyo mungu mwenyewe katika umbo la sauti. Kali ana silabi yake, *krim*, Lakshmi wa neema ana *shrim*, na kutafakari ni kukaa na sauti hiyo mpaka mawazo mengine yanyamaze. Sisemi uamini. Mimi mwenyewe ni mtu wa msikiti, na nitabaki huko.

Kafara ipo, sikufichi. Kwenye hekalu la Kalighat, hukohuko Kolkata, mbuzi huchinjwa kwa ajili ya Kali, na kuna njia ya tantra inayotumia pombe na nyama katika ibada. Lakini ni mbuzi, si dada wa kazi! Wahindu wa Kigujarati, ambao ndio wengi wetu tuliowazoea Lindi, mungu mama humfanyia sherehe ya siku tisa, Navaratri, wakicheza kwa kuzunguka. Wabengali, watu wa kwao bosi wako, wanamkeshea Kali usiku wa giza wa Diwali, sikukuu ya taa, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, minada ya korosho ikiwa imepamba moto. Taa zikiwaka mpaka alfajiri, usipige simu kwa mjumbe.

Maua mchumie, ni kazi kama kazi nyingine; ila usiyanuse, kwao ua lililonuswa halitolewi tena kwa mungu. Dini yako ikikukataza kabisa, mwambie mapema na kwa adabu, atachuma mwenyewe. Kifuko usikiguse hata ukifagia.

Huyo wa bodaboda ananichekesha. Mantra hupokewa sikioni kutoka kwa guru, mwalimu wa dini, katika ibada iitwayo diksha, na ya kuokota wenyewe wanaiona haina uhai. Sasa anakuuzia nini? Elfu kumi yako nunua unga, yeye mlipe akikubeba tu.