Droo isichomoke uso: tumia ulimi na mfereji

Kaka, umeuliza kwa nini uso wa droo (ubao wa mbele) umekubakia mkononi na misumari ilikuwa minne kila upande. Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha mbao, yaani pale nyuzi zinapokatika mwishoni, haushiki vizuri, na ukivuta droo unauchomoa kidogo kidogo. Fanya kiungo cha ulimi: ncha ya uso iliyopunguzwa (ulimi) inaingia kwenye mfereji wa ubavu, yaani ubao wa pembeni.

Chukua mbao za milimita 12. Kwenye ubavu, upande wa ndani, acha milimita 6 kutoka mwisho wa mbele, kisha chimba mfereji wa upana wa 6 na kina cha 6. Kwenye kila mwisho wa uso, punguza nusu ya unene kwa upande wa nje, urefu wa 6, ubaki ulimi upande wa ndani. Ulimi ukiingia, kile kikuta ulichoacha mwisho wa ubavu ndicho kinachouzuia usitoke ukivuta. Hapo gundi inasaidia tu.

Sasa shida iko kwenye hicho kikuta. Nyuzi zake ni fupi, ukigonga kwa nyundo kinamomonyoka kama biskuti. Ulimi uingie kwa kusukuma na kiganja. Ukigoma, kwangua kwa patasi, jaribu tena. Mimi kwanza hukata vipande viwili vya mabaki na kuvijaribu. Mninga unatulia vizuri kwa kazi hii.

Halafu huku Mtwara, mvua za Desemba hadi Aprili mbao inavimba. Acha nafasi ya milimita 2 hivi juu ya droo, la sivyo Februari utaivuta kwa miguu.