Baba alisoma huko, mtoto ataingia? Majibu ya wiki hii

Wiki hii wengi mmeuliza juu ya vyuo vikubwa vya Marekani na hii habari ya legasi, yaani kupendelewa kwa sababu mzazi alisoma pale. Haya twende.

Mjombake mwanangu alisoma Harvard, twaambiwa mlango uko wazi. Kweli? (Mama, Nyali)

Mama, mjomba hahesabiwi. Pale Harvard legasi ni mzazi aliyechukua digrii ya kwanza hapo hapo, mjomba hata akiwa ndiye aliyemlipia mtoto karo tangu nasari haingii. Mpe kazi ya kusoma insha za mtoto, hapo atafaa.

Kwa hivyo mwenye babake apita tu? (Bamburi)

Apita rahisi, lakini si "tu". Ile kesi ya Harvard juu ya kuangalia rangi ya mwombaji, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani kule 2023, ilianika namba zao: watoto wa waliosoma pale walikubaliwa kama 33 katika kila 100, na waombaji wote kwa jumla kama 6. Pengo kubwa wallahi. Sasa utasema hao ni watoto wa pesa, shule nzuri, tyusheni juu ya tyusheni, lazima wafaulu, na ni kweli kiasi, lakini watafiti wa Opportunity Insights mwaka huo huo wakalinganisha wenye alama sawa za mtihani na bado wale wa legasi wa kutoka familia tajiri kabisa, ile asilimia 1 ya juu, walikuwa na nafasi kama mara 5 ya mwombaji wa kawaida. Huo ni upendeleo, tusiupake rangi. Ila hesabu tena: hata Harvard, wawili katika watatu waliambiwa la, na baba zao wamesoma pale.

Babangu ni hamali Kongowea, kwetu hakuna aliyefika chuo. Nisijisumbue? (Kijana, Likoni)

We jisumbue! MIT na Caltech hawaangalii legasi, Johns Hopkins na Amherst wameiacha, na California walipitisha sheria 2024 kuipiga marufuku hata kwa vyuo vya binafsi. Fomu itakuuliza elimu ya wazazi, andika ukweli bila haya, kuwa wa kwanza kwenu pia huangaliwa. Kitu cha kukutoa jasho wewe ni pesa, kwa sababu vyuo vingi mwanafunzi wa nje akiomba msaada nafasi yake yapungua, ndio maana nakwambia anza na vile visivyotazama mfuko wakati wa kuchagua hata kwa wageni, kama MIT na Amherst, na wakikuchukua wagharimia pengo la kile kwenu hamuwezi.

Na hapa Kenya? Mzee alisoma Nairobi.

KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, watazama alama zako za KCSE na pointi za klasta ya kozi, yaani za masomo ambayo kozi yataka. Mzee msalimie.

Nikichangia chuo dola elfu moja mapema, itasaidia?

Kaka, wenzio huko huchangia jengo zima. Weka hiyo ya tiketi ya ndege.