Usimlaze lokapu ili "atie akili"

Dada, umeuliza kama uwaombe polisi wamlaze lokapu usiku mmoja tu mwanao wa miaka 14 aliyeiba simu ya jirani. Nakuomba sana usifanye hivyo. Marekani walishajaribu, gereza la Rahway kule New Jersey miaka ya 1970, vijana walipelekwa wakafokewe na wafungwa wa maisha, watafiti walipokuja kulinganisha wakakuta waliotishwa hivyo ndo wanazidi kufanya makosa kuliko ambao hawakupelekwa. Na hapa Bongo Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka asichanganywe na watuhumiwa wakubwa. Muone afisa ustawi wa jamii, na hiyo simu airudishe mwenyewe kwa mkono wake, we simama pembeni tu, halafu mkirudi muulize taratibu anashinda na kina nani akitoka shule.